Mpendwa Za

Huku Texas, WhatsApp ni ya watu wanaokupenda na barua pepe ni ya watu wanaokudai. Ukitaka kujua kama binti wa shangazi kajifungua salama kule Muheza, au nani kamnunia nani kwenye kamati ya harusi, unachukua simu. Ukitaka kujua kama kodi ya nyumba imepanda, bima ya gari imekwisha au mtoto hajawasilisha kazi ya shule tangu mwezi jana, unafungua kompyuta. Ndiyo maana wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki, tuliotapakaa kuanzia Fort Worth hadi Houston, tuna akaunti tatu nne za barua pepe na hatuipendi hata moja. Kuna ya kazi. Kuna ya bili. Kuna uliyofungua wiki uliyofika kwa sababu fomu ilikataa kwenda mbele bila anwani. Na kuna ya chama, uliyokabidhiwa pamoja na cheo kwenye mkutano ambao hukuhudhuria.

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye fundi. Sikusomea. Nilichomoa waya wa printa ya shangazi mmoja, nikauchomeka tena, printa ikafanya kazi, na shangazi huyo hana siri. Toka siku hiyo chochote chenye waya kati ya Arlington ninakokaa na Ghuba ya Mexico ni kesi yangu.

Mteja mkuu ni shemeji, kaka wa mke wangu. Anakaa kusini-magharibi mwa Houston, upande wa Bissonnet, anaendesha trela, na akiwa nyumbani ni mweka hazina wa kila kamati inayoundwa. Ni mtu wa utaratibu kupita kiasi. Jikoni kwake kila kopo lina lebo: la chumvi limeandikwa CHUMVI, la sukari limeandikwa SUKARI, na kuna la tatu limeandikwa SI SUKARI, ambalo lina historia yake na wageni waliokunywa chai ile hawapendi ikumbushwe.

Sasa, programu ya barua pepe kwenye kompyuta yake ya mezani ilikuwa inaorodhesha akaunti zake upande wa kushoto kwa anwani nzima. Anwani zote zinaanza na jina lake. Safu yenyewe ni nyembamba. Kwa hiyo alichokuwa anakiona ni jina lake, kisha jina lake, kisha jina lake tena, kila moja likiishia na vinukta vitatu.

"Najiona mwenyewe nimejipanga foleni," aliniambia, "na sijui ni mimi yupi anayedaiwa."

Jumamosi moja akaamua kumaliza mambo bila kunisumbua. Aliingia kwenye mipangilio, akakuta kisanduku kilichoandikwa jina, akafuta jina lake, akaweka lebo. Akaunti ya nyumbani akaiita ZA BILI. Ya kamati akaiita ZA MAJUNGU, na kwa haki kabisa, kwa maana nimeshawahi kuzisoma barua hizo. Ile ya kuponi, mashindano ya kushinda meli ya kitalii na watu wanaotaka kukuuzia dhamana ya gari bovu, akaiita USIFUNGUE. Akahifadhi. Akatazama kushoto. Hakuna kilichobadilika. Akarudia, safari hii akibonyeza kwa nguvu. Bado. Akahitimisha kwamba programu imegoma, akaenda zake kupakia mzigo.

Programu haikugoma. Ilimtii kuliko alivyotaka.

Programu nyingi za barua pepe za kompyuta ya mezani zina majina mawili kwa kila akaunti, na hapo ndipo ndoa nyingi huingia doa. Chukua Thunderbird, ile ya bure ya Mozilla ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya akaunti, chagua mipangilio, na ukurasa utakaofunguka una kisanduku cha jina la akaunti juu kabisa. Jina hilo ni siri yako wewe na kioo chako. Linakaa kwenye safu ya kushoto tu. Andika MZIGO, andika JEHANAMU, hakuna atakayejua. Teremka kidogo, utakuta kisanduku kingine kinachouliza jina lako. Hilo sasa linapanda gari na kila barua unayotuma na kushuka mbele ya macho ya aliyeandikiwa. Outlook za miaka ya nyuma nazo zilikuwa na utaratibu wa aina hiyo: jina la kusafiri liliwekwa mlangoni, na la lebo likafichwa nyuma ya kitufe cha mipangilio zaidi, ambacho mtu mwenye haraka hakifikii. Shemeji, mtu wa Thunderbird, naye alikuwa na haraka. Lebo zake zote alizibandika kwenye jina la kusafiri.

Jumatatu yake kiyoyozi kikafa. Houston mwezi Agosti ni Tanga iliyonyang'anywa upepo wa bahari, kwa hiyo kiyoyozi kikifa huwezi kungoja. Unaandika barua wakati vidole bado havijateleza kwenye kibodi. Akaiandikia ofisi ya apatimenti barua nzito yenye aya za kutosha, akitaja mkataba, akitaja afya ya watoto, akimalizia na jina lake kamili kama mtu anayekwenda mahakamani. Barua mpya, usipochagua akaunti, hutoka kwenye iliyowekwa kuwa ya msingi, na kwake ya msingi ilikuwa ya kamati.

Jibu lilikuja kabla ya saa sita. Lilianza hivi: Mpendwa Za.

Ofisi hizi hazisomi barua mpaka chini. Kuna mfumo unaochukua neno la kwanza la jina la mtumaji ukalifanya jina la kwanza, na la mwisho ukalifanya la ukoo, halafu unamwaga heshima. Mpendwa Za, tumesikitika kusikia, tunathamini kuwa nawe, Bwana Majungu. Shemeji aliposoma hapo akaona wazi kwamba jibu la mpangaji mwingine limepotea njia. Na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, akajibu kiungwana: samahani, barua hii si yangu, mimi siye Bwana Za, tafadhali mtafuteni mwenyewe, naye nadhani ana joto.

Wakamjibu: Mpendwa Za, asante kwa kutujulisha. Tumefunga ombi lako.

Siku zilizofuata mke wangu alinipigia akiwa chooni kwa kaka yake, mahali pekee ndani ya nyumba ile palipokuwa na ubaridi kwa sababu ya vigae. Mtakumbuka kwamba hakuna aliyejua bado tatizo ni nini. Shemeji alichojua ni kwamba akaunti ile ina mkosi. Kwa hiyo bajeti ya harusi, ambayo ilitakiwa kuwafikia wanakamati wote wa Dallas, Fort Worth na Houston kabla ya Jumapili, akaona aitume kupitia akaunti nyingine isiyo na mambo mengi.

Nilikuwa miongoni mwa walioipata. Kwenye orodha ya barua zangu ilisomeka hivi: mtumaji, USIFUNGUE; kichwa cha habari, MICHANGO YA HARUSI, MUHIMU SANA.

Nimekaa na jumuiya yetu muda mrefu. Nimeona matangazo ya kufika saa tisa kamili yakipuuzwa hadi saa kumi na mbili. Nimeona watu wakiombwa wasilete watoto kwenye mkutano wakaleta na wa jirani. Sijawahi kuona agizo likitekelezwa kwa umoja kama lile. Hakuna aliyefungua. Jumapili shemeji aliposimama kuuliza michango, ambayo huku hutumwa kwa Zelle toka benki hadi benki, iko wapi, mzee mmoja wa Irving alinyanyua mkono akiwa ametulia tuli, akasema, "Mweka hazina, wewe ndiye uliyeandika tusifungue. Mimi ni mtu wa kufuata taratibu." Ukumbi mzima ukaunga mkono hoja. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa ameinamisha kichwa.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu rasmi.

Kumfundisha mtu kompyuta kwa simu ni kazi inayotakiwa ilipwe posho ya mazingira magumu. Nilimwambia, "Shem, juu kulia unaona vistari vitatu?" Akasema anaviona. "Bonyeza." Kimya. "Umebonyeza?" "Nimebonyeza, imetoka orodha." "Nisomee." Akanisomea orodha yote, taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, pamoja na vilivyofifia visivyobonyezeka.

"Sasa ingia mipangilio ya akaunti."

"Ya akaunti ipi?"

"Yoyote tu, shem."

"Yoyote sina. Nina Bili, Majungu na Usifungue."

Tukakubaliana nitakwenda mwenyewe mwisho wa wiki.

Watu huwa wananiuliza, wakiwa wamekasirika kidogo, inakuwaje kompyuta yenye akili zote hizi ikubali mtu aitwe Za Majungu bila hata kuguna. Jibu ni la zamani kuliko wengi wanaouliza. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya Bolt Beranek and Newman kule Cambridge, Massachusetts, alituma barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine iliyokuwa jirani yake, akatenganisha jina la mtu na jina la mashine kwa ile alama ya herufi a yenye mkia. Anwani ikawa imezaliwa. Lakini anwani ni kavu, na wanadamu wanapenda kuitwa, kwa hiyo kanuni zilizoandikwa mwaka 1977 na kufanyiwa marekebisho mwaka 1982 zikaruhusu kuweka maneno ya kawaida mbele, na anwani yenyewe kufungiwa ndani ya vimabano vyenye ncha. Vilivyomo ndani ya vimabano vinapeleka barua. Vilivyo nje ni mapambo. Tarishi hayasomi.

Na hadi leo hayasomwi. Siku hizi kuna walinzi wenye majina ya kutisha, SPF, DKIM na DMARC, wanaokagua kama barua kweli imetoka kwenye kikoa inachodai kutoka. Ila jina la nje ya vimabano hawaligusi. Unaweza kuandika Rais wa Jamhuri, barua itakwenda. Matapeli wanalijua hilo vizuri mno, ndiyo maana kila baada ya muda watu wa makanisa ya huku hupata barua fupi yenye jina la mchungaji wao, ikiomba kadi za zawadi za dukani, haraka, kwa siri, na piga picha namba zilizo nyuma. Kwenye jumuiya yetu utapeli huo umegonga mwamba. Mama mmoja alipoipata aliifuta papo hapo, na alipoulizwa aligunduaje akasema mchungaji wetu hajawahi kuomba kitu kwa maneno machache namna ile.

Si majina yote ya ajabu huleta hasara, lakini. Kuna dada mmoja wa Fort Worth, muuguzi, ambaye kompyuta yake iliandaliwa na mwanawe wa darasa la tisa. Kijana alipofika kwenye kisanduku cha jina aliandika jina analomwita: MOM. Barua zote za dada yule zikawa zinatoka kwa MOM. Benki ilipata barua ya MOM. Shule ya kijana mwenyewe ilipata malalamiko makali kutoka kwa MOM, na walimu hawakuyaona ya ajabu. Kisha akaomba kazi kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Dallas, mahali ambapo maombi hukaa wiki kadhaa bila kuguswa. Aliyepokea aliona ujumbe wa MOM umeingia asubuhi ya kazi, moyo ukamlipuka, akafungua akiwa amesimama. Dada aliitwa kwenye usaili mapema kuliko wote. Nilipojitolea kumrekebishia jina aliniangalia kana kwamba nataka kumuuzia nyumba yake.

Mzee wa Irving yeye alikuwa na shida ya aina nyingine. Kwao, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, mtu ana jina lake, la baba na la babu, kwa mpangilio huo, na hakuna la ukoo linalotakiwa kumwakilisha mbele ya watu wa umeme. Fomu za Marekani hazitaki maelezo hayo marefu. Zinachukua la mwisho. Kwa hiyo tangu mzee afike kukaa na watoto wake, kila barua inamwita kwa jina la babu yake, ambaye alifariki kabla ya uhuru na ambaye, kwa maelezo ya mzee, hakuwahi kumiliki zaidi ya chemli moja. Leo marehemu anadaiwa umeme Texas. Anakumbushwa kupima moyo. Amepewa ofa ya kadi ya mkopo yenye riba nafuu kwa miezi sita ya mwanzo.

Watoto wake wakamshauri kwamba siku akiomba uraia, fomu ya N-400 ina sehemu ya kuomba kubadili jina, na jaji hulipitisha siku ya kula kiapo. Mzee akakataa. "Nisimame mbele ya jaji wa Kizungu niape kumwacha babu?" Akaniomba nimsaidie walau kwenye kompyuta. Nikamwandikia jina lake mwenyewe peke yake, barua zikaanza kutoka na jina hilo, akafurahi. Majibu yakaendelea kuja kwa babu. Makampuni husoma jina kwenye mafaili yao, na kwenye faili babu bado yu hai, ana akaunti, na analipa kwa wakati.

Jirani yangu Mkongo, mtu wa Uvira, ana mzigo mkubwa zaidi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo na kutaka watu wajiite kwa majina ya kwao, na tangu zama hizo mtu wa kule anaweza kuwa na jina, jina la nyuma ya jina, na la ubatizo lililorudi baadaye kupitia dirishani. Hapa Texas hakuna kisanduku cha jina la nyuma ya jina. Kazini kwao orodha ya wafanyakazi huanza na la ukoo, mkato, kisha la kwanza, na huwezi kujibadilishia mwenyewe: jina la akaunti ya kazi hutoka kwenye daftari la ofisi, na anayelishika daftari hilo ni kijana wa kompyuta ambaye hapokei simu. Wakamweka la katikati mwanzoni, la mwanzo mwishoni, la ubatizo wakalitupa. Papa, kama tunavyomwita, hakulalamika. Ila mkato ule ulimletea balaa. Kwenye lugha ya barua pepe mkato hutenganisha anwani na anwani, mpaka jina lifungwe ndani ya alama za kunukuu. Programu zenyewe hufunga bila kuambiwa. Mtu anayenakili kwa mkono hafungi. Bosi wake akainakili kwa mkono. Mfumo ukaona watu wawili, mmoja mwenye anwani na mwingine asiye nayo, ukagoma kupeleka barua hadi huyo wa pili apatikane. "Nilitafutwa," aliniambia Papa, "na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, nagawanyika tu."

Basi Jumamosi nikashika barabara ya I-45 kwenda Houston, maili 240 hivi kutoka Dallas, karibu kilomita 385, na kwenye barabara ndefu na nyoofu mtu huwaza. Niliwaza kwamba nchi hii inatusumbua sana kuhusu majina kwa mahali penye rekodi kama yake. Dallas ilianzishwa na John Neely Bryan mwaka 1841, akaiita jina hilo, na hadi leo wanahistoria wanabishana ni Dallas yupi aliyekusudiwa. Kuna aliyekuja kuwa makamu wa rais, kuna ndugu yake wa jeshi la maji, kuna wengine wanaotajwa. Jiji zima lina jina la mtumaji na hakuna anayejua mtumaji ni nani. Fort Worth imepewa jina la Jenerali William Jenkins Worth, aliyefariki San Antonio kwa kipindupindu Mei 1849. Ngome yenyewe ilianzishwa Juni mwaka huo huo, kwa hiyo alikosa kwa mwezi mmoja kupafahamu mahali panapomwita. Miji hii miwili iligombania viwanja vya ndege mpaka mwaka 1964 serikali kuu ikaiamuru ichague mahali pamoja, na kiwanja kilipofunguliwa mwaka 1974 kilibeba majina yote mawili yakitenganishwa kwa kistari cha mshazari. Bahati yao hawakutumia mkato.

Ukifika Huntsville unamkuta Sam Houston mwenyewe, sanamu nyeupe ya futi 67 iliyotengenezwa na David Adickes na kuzinduliwa mwaka 1994, amesimama kando ya barabara na fimbo yake anakagua magari. Mtu huyu alikuwa gavana wa Tennessee, rais wa Jamhuri ya Texas, seneta, kisha gavana wa Texas. Wacherokee waliomlea ujanani walimwita Kunguru, na baadaye, enzi zake mbaya, inasemekana akapata jina jingine lenye maana ya Mlevi Mkubwa. Nilipita chini ya miguu yake nikijaribu kufikiria angejaza nini kwenye kile kisanduku, na ni lipi kati ya yote haya ofisi ya apatimenti ingelichagua kuanzia barua. Mpendwa Kunguru. Mpendwa Mlevi.

Kwa shemeji kazi yenyewe ilikuwa ndogo sana hadi nikaona aibu kuila nyama choma waliyonichomea. Nilihamisha ZA BILI, ZA MAJUNGU na USIFUNGUE kutoka kisanduku cha chini kwenda cha juu. Safu ya kushoto ikabadilika pale pale, lebo zikajipanga kama alivyoota. Shemeji alishika mdomo. Kilichobaki ni kujaza kisanduku cha jina lake, na hapo ndipo tulipopoteza jioni nzima, kwa sababu familia haikukubaliana anaitwa nani. Pasipoti ina majina matatu. Leseni ya udereva ya Texas ina mawili na herufi. Kanisani ana la ubatizo ambalo mke wake pekee hulitumia, akiwa amekasirika. Mtaani ni Baba Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, na hilo ndilo analoitikia akiwa usingizini. Wanaompangia mizigo redioni humwita Tanz. Mwanawe mkubwa, aliyezaliwa hapa hapa Houston, akapendekeza aandike Za Majungu iwe rasmi, kwa kuwa tayari anajulikana.

Mwishowe tukaweka la kwake na la baba yake, tukanywa chai, ambayo niliionja kwa uangalifu.

Nikamweleza pia kwamba zilizokwenda zimekwenda. Kubadilisha jina leo hakurudi nyuma kusafisha barua za juzi. Kila barua hubaki na jina ililoondoka nalo. Hilo hakulipenda. Lilidhihirika zaidi Desemba, ofisi ya apatimenti ilipotuma kadi za sikukuu kwa wapangaji wote. Yake iliandikwa: Kwa Familia ya Majungu. Mke wake aliibandika kwenye friji, katikati ya picha za ubarikio, na wageni wakiuliza anasema ni ukoo wa upande wa mume.

Mwaka mpya shemeji akapita Arlington akiwa na mzigo wa kwenda Oklahoma, akaegesha trela kwenye kituo cha malori, akaja kwetu kula. Alikuwa bado anajaribu jina lake jipya kwa kila mtu. Akamtumia dada yake barua ya majaribio kutoka kwenye kompyuta yake mpakato, kisha akaenda kwenye kompyuta yetu ya sebuleni kujitazama. Akakaa. Akainama karibu na kioo. Akaniita kwa sauti ya chini.

Kwenye orodha ya mke wangu barua ilikuwa imeingia salama. Mtumaji alisomeka: Kaka Mkopo.

Nikamweleza kitaalamu, kwa upole nilioweza. Barua ilitoka kwake na jina sahihi. Lakini programu ya anayepokea, ikikuta anwani hiyo imo kwenye daftari lake la mawasiliano, inaweza kuliacha jina ulilojipa na kuonyesha lile alilokupa yeye. Huwezi kulifikia ukiwa Houston, wala ukiwa kwenye lori, wala kwa kuingia mipangilio yoyote ya kwako. Alinisikiliza kwa makini, akitingisha kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu isipokuwa jambo moja.

"Sawa, shem," akasema. "Sasa hiyo inabadilishwa wapi?"

Mke wangu alijibu kutoka jikoni kabla yangu.

"Kwenye Zelle."